Kabla Hujalipia Mashine ya Kupoza Maji, Pima Joto Lako Kwanza

Mwezi wa pili mwaka huu, mama mmoja anayelima letusi pale Mtwapa alitupigia simu saa nane mchana. Hakuwa amesahau PIN, wala hakuwa ametuma pesa kwa nambari isiyo yake. Alitaka kujua jambo moja tu: akilipa shilingi 85,000 za mashine ya kupoza maji, mashine ifike Mtwapa, iwashwe, halafu maji yabaki vuguvugu vilevile, je, sisi tunaweza kumrudishia pesa zake?

Jibu letu lilikuwa hapana, na tulilitoa kwa aibu kidogo. Ukituma pesa kwa nambari usiyoikusudia, hilo ni kosa la muamala na tuna njia ya kulifuatilia. Lakini ukilipa mtu uliyemkusudia, kwa kiasi ulichokusudia, kwa kitu ambacho baadaye kinakushinda, huo muamala umekamilika. Tunaweza kuona pesa zilikoenda. Ubaridi hatuna.

“Sasa kijana,” akamwambia mwenzetu wa simu, “huyu muuzaji ananiambia mashine ni ya lita 600. Tangi langu ni lita 600. Hapo kuna shida gani?”

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na ndiyo maana somo la wiki hii halihusu PIN. Tumeona wateja wengi wakitafuta hizi mashine, ambazo mafundi huziita chila. Wako wa kilimo cha haidroponiki, yaani mboga zinazokua kwenye maji yenye mbolea bila udongo. Wako wenye akwariamu za samaki wa urembo. Na wako wanaotaka tu kupoza maji ya kazi. Wengi wanauliza bei. Wachache wanauliza swali ambalo lingewaokolea bei hiyo: ni joto kiasi gani linaingia kwenye maji yangu kila saa?

Lita si kipimo cha joto

Chukua jerikeni mbili za lita 20. Moja iweke ndani ya nyumba, sakafuni, penye kivuli. Nyingine, nyeusi, iweke juu ya paa la mabati saa saba mchana. Lita ni zilezile, ila ya paani itakuchosha mara nyingi zaidi ukitaka ikae baridi. Mashine haipozi lita. Mashine inatoa joto. Ikilitoa haraka kuliko linavyoingia, maji yanashuka. Ikishindwa mbio hizo, itanguruma mchana na usiku, stima italiwa, na kipimajoto hakitasonga.

Kwa hiyo maandishi kama “hadi lita 600” ni ahadi yenye masharti ambayo hayajaandikwa. Mara nyingi mtengenezaji amewazia tangi la kioo ndani ya nyumba yenye hewa ya nyuzi 25, na mtu anayetaka kushusha maji nyuzi chache tu. Mama wa Mtwapa yuko chini ya neti ya kivuli, hewa ya mchana inapita nyuzi 31, na maji yake yanazunguka kwenye mabomba marefu yaliyoanikwa juani kama nguo.

Kwa nini letusi inateseka

Kuna mtu atauliza: mimea si inapenda joto? Majani yanaweza kuvumilia. Mizizi ndiyo inayolalamika. Letusi hufurahia maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi. Maji yakipanda, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza, maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwa usawa wa bahari, maji safi ya nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9.1 hivi za oksijeni kwa lita, lakini kwa nyuzi 30 ni kama 7.5 tu. La pili, mizizi iliyo kwenye joto hupumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo inataka oksijeni zaidi wakati ambapo ipo kidogo. Hapo huingia kimelea kiitwacho Pythium, na mizizi iliyokuwa myeupe inageuka kahawia, inateleza mkononi na kunuka. Ukiona majani yananyauka saa saba huku maji yamejaa, usikimbilie kuongeza mbolea. Inua mche, utazame mizizi.

Huyu mama alikuwa amepoteza karibu mche mmoja katika kila mitatu tangu mwezi wa kwanza. Ana oda ya hoteli mbili za Nyali, na hoteli haipokei maelezo badala ya letusi. Ndiyo maana alikuwa na haraka, na muuzaji alikuwa ameshagundua kwamba ana haraka.

Je, unaihitaji kweli?

Tuseme wazi, ingawa hatupendi kuzuia mtu kununua: wengi wanaotuuliza kutoka Nairobi, Nakuru au Nyeri hawahitaji chila kabisa. Usiku wa huko unapoza tangi bure. Samaki wa kitropiki wa akwariamu ya Nairobi mwezi wa saba anahitaji kipasha maji, si kipoza. Anayefuga tilapia asisumbuke hata kidogo, kwa sababu samaki huyo hukua vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 30. Trauti ndiye anayetaka maji baridi kweli, lakini hapa kwetu waliomfuga walimpeleka mahali maji yalipo baridi tayari, kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare. Ukianza kuhesabu stima ya kumfugia trauti Malindi utaelewa walikuwa na akili.

Wanaohitaji ni hawa: mkulima wa letusi, mchicha wa kigeni au mitishamba ya mapishi kwenye joto la Pwani au sehemu kavu za bara, mtu wa samaki wa maji baridi kama goldfish ndani ya chumba chenye joto, na mwenye tangi la matumbawe. Huyo wa mwisho asicheze. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe ya pwani yetu yenyewe yalipauka na mengi yakafa, na hayo yalikuwa na bahari nzima ya kuyasaidia. Tangi la lita 200 sebuleni Mombasa halina msaada huo.

Tena kabla ya chila kuna feni. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyafanya yavukize, na kila lita inayovukizwa huondoka na joto la karibu wati-saa 680. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo. Kajiado au Machakos, penye hewa kavu, feni ya bei ndogo inaweza kushusha tangi nyuzi mbili hadi nne. Mtwapa haifanyi hivyo, kwa sababu hewa imeshajaa unyevu na maji hayana pa kwenda. Mama alikuwa ameshanunua feni mbili. Ziliburudisha wafanyakazi.

Hesabu ya dakika kumi

Sasa tuje kwenye lenyewe. Kumbuka nambari moja: lita 1 ya maji, ikipanda au kushuka kwa nyuzi 1, ni wati-saa 1.16. Hiyo haibadiliki, uwe Lodwar au Limuru.

Tulimwomba mama afanye jaribio hili kabla hajatuma hata shilingi, nasi tunakuomba ulifanye pia. Tafuta kipimajoto cha dijitali kinachoonyesha nukta, si kile cha ukutani. Chagua siku ya jua, kati ya saa sita na saa tisa mchana. Kwa Pwani, siku nzuri ya kupima ni ya mwezi wa kwanza hadi wa tatu. Ukipima mwezi wa saba utanunua mashine ya mwezi wa saba. Nunua barafu, uifunge ndani ya mifuko imara ya plastiki isivujie mbolea, uzamishe kwenye tangi hadi maji yafike kiwango unachotaka. Yeye alitaka nyuzi 22, na ilimla zaidi ya kilo 50 za barafu kutoka kwa watu wa samaki. Kisha toa barafu yote iliyobaki, acha pampu ikizunguka kama kawaida, mimea ikiwa ndani, na uandike joto kila baada ya dakika 15 kwa saa moja.

Watu wengi hupima maji yakiwa tayari ya moto, wakaona yanapanda polepole, wakafikiri mzigo ni mdogo. Ni kosa. Joto huingia kwa kasi kadiri maji yanavyokuwa baridi kuliko hewa inayoyazunguka. Lazima uyapime yakiwa pale unapotaka yakae.

Tangi la mama lilitoka nyuzi 22 hadi 24 ndani ya saa moja. Basi hesabu ni lita 600 mara nyuzi 2 mara 1.16, unapata wati 1,392. Tuseme 1,400. Hilo ndilo joto linaloingia saa ya jua kali, na ndilo mashine inalopaswa kutoa ili maji yasimame pale pale. Ongeza robo yake kwa ajili ya siku mbaya na kwa sababu mashine yoyote hupungua nguvu kwenye hewa ya moto: wati 1,750.

Mashine aliyotaka kununua ilikuwa ya robo HP. Tulimwambia amwombe muuzaji picha ya kibandiko cha nyuma. Ikaja: BTU 2,600 kwa saa. Ili kupata wati, gawanya BTU kwa 3.41. Unapata wati 760 hivi.

Wati 760 dhidi ya 1,750. Shilingi 85,000 zilikuwa zinakwenda kununua kelele.

Kuna wanaosema HP ingetosha kuonyesha hilo. Haitoshi. HP ni nguvu ya kompresa, yaani kinachoingia, wala si ubaridi unaotoka. Mashine mbili za nusu HP zinaweza kutofautiana sana. Muuzaji akikuambia HP, msikilize kwa adabu, halafu umwombe BTU kwa saa au wati za upozaji. Akikuambia “tani”, ujue tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, kipimo kilichobaki tangu enzi watu wakipoza kwa barafu: ni joto linaloyeyusha tani moja ya barafu ya Kimarekani ndani ya saa 24.

Fukuza joto kabla ya kulinunulia mashine

Hesabu ikionyesha wati 1,750, wengi wangetafuta mashine kubwa zaidi. Mama aliuliza bei yake, akanyamaza kidogo, akasema atatupigia. Ni vizuri hakununua siku hiyo.

Tulirudi kwenye picha za shamba lake alizotutumia. Tangi lilikuwa jeusi, limekaa juu ya zege, upande wa magharibi hauna kivuli. Mabomba ya mimea yalikuwa meupe, sawa, lakini bomba la kurudisha maji, urefu wa mita 14, lilikuwa la plastiki nyeusi juu ya changarawe. Pampu ilikuwa ya kuzama, ya wati 180, kubwa kuliko kazi yake kwa sababu ndiyo iliyopatikana siku ile. Hili la pampu watu hawalifikirii. Pampu iliyozama majini inaachia karibu stima yake yote ndani ya maji kama joto, saa 24. Ni kama kuweka kipasha maji kidogo kwenye tangi unalotaka kulipoza, na kukilipia mara mbili: kwanza kukiwasha, kisha kuondoa joto lake.

Fundi wake alilifunika tangi kwa yale maboksi meupe ya povu ya kubebea samaki, akayazungushia karatasi ya kung'aa na kuweka paa dogo la makuti juu yake. Bomba la kurudi likafukiwa ardhini. Pampu ikabadilishwa kwa ya wati 60. Kazi yote haikufika shilingi 12,000. Jaribio la barafu likarudiwa siku nyingine ya jua: kutoka nyuzi 22, baada ya saa moja, kipimajoto kilisoma 22.8.

Rudia hesabu. Lita 600 mara 0.8 mara 1.16 ni wati 557. Ongeza robo, ni kama 700. Ghafla ile mashine ya wati 760, ambayo mwanzo ingemtia hasara, ikawa inamtosha. Ni ileile, bei ileile.

Haijampa nafasi kubwa, na tulimwambia hivyo. Mchana inashinda joto kwa wati 200 tu, kwa hiyo haiwezi kuyatoa maji nyuzi 32 hadi 22 jua likiwa kichwani. Iwashwe jioni ya kwanza. Usiku joto linaloingia ni dogo, na kushusha lita 600 kutoka nyuzi 27 hadi 22 kutachukua saa sita hivi. Baada ya hapo kazi yake ni kulinda tu.

Stima itakula ngapi?

Bei ya mashine unailipa mara moja. Tokeni utalipa kila wiki. Hapa ndipo tunapoona wateja wakiumia, kwa sababu tunaziona zile tokeni ndogo ndogo za shilingi 200 zikinunuliwa mara tatu kwa siku mwezi wa tatu.

Kwanza jua bei yako halisi ya unit. Fungua meseji ya mwisho ya tokeni, chukua jumla ya pesa ulizolipa, gawanya kwa unit ulizopata. Usitumie bei uliyosikia redioni. Makato yote yamo kwenye hiyo meseji. Tuseme kwako inatoka shilingi 30.

Chila nzuri ya kompresa huondoa joto la wati 2.5 hivi kwa kila wati 1 ya stima, wakati mwingine zaidi. Kabla ya kufunika tangi, mama angekuwa na joto la wati 1,400 kwa saa nane za mchana na tuseme 500 kwa saa 16 zilizobaki. Hiyo ni kama unit 7.7 za stima kwa siku, unit 231 kwa mwezi, shilingi 6,930. Baada ya kufunika, wati 560 mchana na 200 saa nyingine: unit 92 kwa mwezi, shilingi 2,760 hivi. Tofauti ni zaidi ya 4,000 kila mwezi wa joto. Yale maboksi ya samaki yatajilipa kwa miezi mitatu.

Ukipata mizani hii, ipime na mauzo yako. Kama letusi zinazookolewa hazifiki bei ya tokeni, panda kitu kingine miezi ya joto. Mchicha wa kawaida na kunde havina maringo hayo.

Kibandiko na mwili wa mashine

Ukishajua wati, angalia mambo machache kwenye mashine yenyewe. Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Kuna mashine zinazoletwa kutoka Marekani za volti 115 na hezi 60, bei yake inavutia, na muuzaji atakuambia utumie transfoma. Transfoma hurekebisha volti tu. Hezi zinabaki 50, na kompresa iliyoundwa kwa 60 huenda polepole na kupata joto isivyotakiwa. Achana nayo.

Sehemu inayogusa maji iwe ya titani. Hili kwa maji ya chumvi halina mjadala, na kwa maji ya mbolea pia ni muhimu, kwa sababu mbolea hula chuma. Shaba ni hatari zaidi kwenye akwariamu: kiasi kidogo tu kikiyeyuka majini huua kamba na matumbawe. Ukiambiwa “ni chuma kisichoshika kutu”, sawa kwa maji ya kunywa, lakini si kwa bahari.

Uliza gesi. R22 ni ya zamani na inaondolewa duniani kote, kwa hiyo kuijaza kutazidi kuwa ghali. R134a na R410A mafundi wengi wa friji wanazifahamu. R290 ni propani, inafanya kazi vizuri na haichafui hewa kama hizo nyingine, ila inawaka, kwa hiyo asiiguse fundi wa kubahatisha mwenye sigara mdomoni.

Kisha mahali pa kuiweka. Joto lililotolewa kwenye maji halipotei, linapulizwa nje na feni ya mashine. Ukiiweka kwenye kibanda kilichofungwa itajipikia hewa yake yenyewe. Iache na nafasi ya kutosha pande za feni, kivulini, na maji yachujwe kabla ya kuingia ndani yake. Kwa Pwani, mapezi ya nyuma yaoshwe kwa maji baridi mara kwa mara kwa sababu upepo wa chumvi huyala. Angalia pia kiwango cha mtiririko wa maji kilichoandikwa: pampu dhaifu mno inaweza kusababisha barafu kuganda ndani. Na ununue kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha stima kwa dakika chache inaporudi baada ya kupotea. Kompresa nyingi hazifi kwa uzee. Zinakufa dakika ile stima inaporudi.

Njia za mkato tulizoulizwa

Kuna mashine ndogo nyepesi zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, hazina kompresa, zina feni na kibati cha Peltier. Kwa tangi la lita 20 la mezani, labda. Zaidi ya hapo, nyingi hula stima nyingi kuliko joto zinaloliondoa.

Mwingine aliuliza kuhusu kuzungusha bomba ndani ya deep freezer ya mitumba. Tunaelewa wazo hilo, na siku ya kwanza hufanya kazi kweli, kwa sababu unatumia ubaridi uliokuwa umewekwa akiba ndani. Siku ya tatu friza imeshindwa. Imeundwa kushikilia ubaridi wa vitu vilivyokwisha ganda, haikuundwa kutoa joto jipya mchana kutwa. Dispensa ya maji ya ofisini vivyo hivyo. Inapoza vikombe, haipozi shamba.

Sasa malipo

Kama umepima na umechagua, lipa kwa njia itakayokusaidia baadaye. Lipa kwa till au Paybill ya biashara, si kwa nambari ya mtu binafsi, hata akikuambia “till ina shida leo”. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu na ulilinganishe na jina lililo kwenye risiti. Majina yakitofautiana, simama hapo uulize.

Ujumbe wa uthibitisho unathibitisha kwamba ulilipa. Hauthibitishi ulinunua nini. Kwa hiyo risiti iandikwe aina na nambari ya modeli, BTU kwa saa, volti, na muda wa dhamana. Kama biashara yako inahitaji kudai gharama hiyo kwenye kodi, omba risiti ya eTIMS papo hapo. Kuifuatilia baada ya wiki mbili ni kazi. Piga picha ya kibandiko, uihifadhi pamoja na meseji.

Usilipe yote mbele ukiweza kuepuka. Muuzaji mwenye duka na mzigo stoo hukubali malipo ya awamu, na anayekataa kabisa kuiwasha mashine mbele yako amekuambia jambo. Akikuandikia usiku kwamba bei inaisha saa sita, lala. Bei itakuwepo asubuhi.

Mama wa Mtwapa alilipa 30,000 ya kwanza kwa till, mashine ikaletwa Jumamosi jioni. Waliiwasha saa kumi na mbili, yeye na fundi, kila mmoja na kipimajoto chake kwa sababu hawakuwa wakiaminiana. Saa sita usiku maji yalikuwa nyuzi 22.6. Akatuma 55,000 zilizobaki akiwa amekaa juu ya ndoo pembeni ya tangi, na dakika mbili baadaye akatupigia tena. Safari hii alitaka kujua kwa nini makato ya muamala wa pili yalikuwa tofauti na ya ule wa kwanza.